Mbuzi Aliyepuliza Chai

Bi. Salma alizikwa Jumatatu alasiri, nami nikapata habari Jumatano asubuhi, tena kwa muuza ndizi. Nilikasirika. Najua dini yao haiweki maiti, na najua mtu akifiwa hana nafasi ya kupekua simu akitafuta namba ya Mkamba mmoja aliyepanga chumba kwao miaka arobaini iliyopita. Lakini nilikasirika vilevile, nikamwacha muuza ndizi amesimama mlangoni na kichane chake, nikaingia ndani kulia. Mume wangu, Musyoka, alikuwa mezani na uji wake. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefikwa na msiba, akaniuliza, "Mama, umepatwa na nini?" Mwaka wa pili sasa hanijui jina. Siku nyingine mimi ni dada yake, siku nyingine muuguzi, siku nyingine mama tu wa nyumba hii. Nikamwambia amekufa mtu aliyenifundisha kazi. "Pole sana," akasema, na alisema kweli, kisha akauliza kama uji umekwisha. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ilikuwa Ijumaa. Nikamwomba jirani akae naye, nikajifunga leso kichwani, nikachukua tuktuk hadi Makadara, na kutoka hapo nikaingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vile miguu yangu inavijua hata leo.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni mmoja tu. Nilizaliwa wapi na nani si habari ya hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa katika ofisi moja ya mizigo kule Mbaraki, na nilikuwa natafuta chumba. Mwenzangu wa ofisini akanipeleka kwa Bi. Salma, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwepesi wa miguu, asiyeweza kukaa na neno moyoni. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja, kuta nene zinazotoa chumvi, na katikati ua ulio wazi juu. Uani ndiko kulikuwa jikoni, na kila kilichosemwa uani kilipanda juu kama moshi. Sikujua wakati ule kwamba jambo hilo lingekuja kutuokoa. Bi. Salma alinionyesha chumba cha chini, kitanda, dirisha la nondo, ndoano ya kutundika nguo, kisha akakiona nilichokuwa nimekibeba kwapani. Ilikuwa taipureta ndogo, kuukuu, ambayo ofisi ilikuwa imeitupa nami nikaiokota nikaitafutia utepe. "Hiyo ni ya kazini au ni yako?" akauliza. Nikasema ni yangu. "Basi chumba n'takupa," akasema, "nawe utanipa vidole."

Juu alikaa mumewe, Mzee Athmani. Alikuwa fundi wa saa, na duka lake lilikuwa Bondeni, mpaka kiharusi kilipompiga akiwa na saa ya mtu mkononi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, maneno yakaondoka yote. Miezi saba alikuwa hajasema hata "maji". Daktari alimwambia Bi. Salma kwamba huenda hata kufahamu hafahamu, kwamba pale kitini pamebaki mwili tu. Kila asubuhi Bi. Salma alimwosha, akamvalisha kanzu, akamtia kofia, akaiinamisha kidogo upande wa kushoto kwa kuwa ndivyo alivyoivaa yeye mwenyewe siku zote. Kisha akamnywesha chai kwa kisahani. Mzee hakuinywa kabla ya kuipuliza, hata kama imekwisha kupoa. Niliona jambo hilo siku ya kwanza nilipopanda kumwamkia, nikaona huruma, nikateremka haraka. Nilikuwa kijana, na niliogopa wagonjwa.

Kumbe vidole vyangu vilitakiwa kuandika riwaya. Bi. Salma alijua kuandika, tena vizuri, lakini kwa hati za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, kwenye madrasa, alipokuwa mdogo. Alikuwa ameandika nyuma ya karatasi za kalenda, na mimi nilipozitazama niliona nyuzi tu. Kwa hiyo ilibidi aseme, nami nipige. Lakini hakuweza kutunga akiwa amekaa. Alitunga akikanda unga wa mahamri, akikuna nazi, akichambua mchele, nami nimekaa kwenye kibao na taipureta juu ya debe lililopinduliwa. Akigonga sufuria kwa mwiko mara moja, niweke mkato. Akigonga mara mbili, nukta. Akiugonga mwiko kwenye ukingo wa jiko, aya mpya. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga sufuria jikoni, kidole changu hushtuka. Karatasi zilitoka zina madoa ya bizari, na ofisini waliniuliza kwa nini nanuka iliki.

Maneno ya kwanza nayakumbuka kama jana. "Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Fundi Nasoro alipiga mwayo, na mwayo ulipokwisha alikuwa mbuzi." Akagonga mara mbili. Mimi nikaacha kupiga.

"Nani kamroga, Bi. Salma?"

"Hakurogwa."

"Basi amefanya dhambi gani?"

"Ala! Hajafanya dhambi. Amepiga mwayo. Andika, mwanangu, mafuta yataungua."

Nikaandika. Katika riwaya ile mkewe Nasoro, aitwaye Riziki, hapigi kelele wala haendi kwa mganga. Anatafuta kofia ya mumewe, anaipachika baina ya pembe, anaiinamisha kushoto, basi. Watu wa mtaa nao wanazoea. Nasoro alikuwa mshoni wa kanzu, na wateja wanaendelea kuja: mbuzi anawanusa mabega, na Riziki anajua kipimo. Kinyozi anakuja kila Alhamisi kumtengeneza ndevu. Wazee wakipita barazani wanasema, "Fundi, u hali gani?" nao hawasubiri jibu, kwa kuwa hata alipokuwa mtu hakuwa msemaji. Nilicheka mpaka nikakosea herufi. Jambo moja tu lilimtisha Riziki, na ndilo lililoisukuma hadithi yote: Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na mbuzi mwenye afya haachwi kutembea bure mjini siku hizo.

Kila Alhamisi, baina ya alasiri na magharibi, wanawake wa kichochoro kile walikuja uani na kazi zao za mkono. Walishona kofia, zile nyeupe za kutoboa kwa sindano, kofia moja miezi mitatu. Bi. Salma alipika viazi vya karai na bajia, akatoa chatine ya ukwaju, akaniambia, "Haya, wasomee." Nami nikasoma niliyoyapiga wiki ile. Sijapata wasikilizaji kama wale tena maishani. Walimkatiza mbuzi, walimshauri Riziki, waligombana wao kwa wao. Mwanaisha wa mlango wa pili alikataa kula mchuzi wa mbuzi wiki mbili nzima, akimwambia mumewe hana hakika ni nani. Siku moja akalipuka: "Bi. Salma, mrudishe mwanamume wa watu awe mtu! Wataka kumtesa Riziki mpaka lini?" Mwingine akasema, "La, huyo Riziki naye ageuke. Wawe mbuzi wawili, wapendane kwa raha zao." Wote wakacheka wakapiga makofi. Bi. Salma alikuwa anageuza bajia. "Akigeuka na yeye," akasema, "nani atafungua mlango?" Wakazidi kucheka. Mimi nilimtazama, nikaona ameinua macho kuelekea ngazi ya juu, na hapo ndipo nilipofahamu, mjinga mimi, nilikuwa nikipiga chapa habari za nani.

Tukiosha vikombe nikamuuliza. Hakukana. "Sikiza," akasema. "Nikiwaambia hawa kwamba nimechoka, watanihurumia, na huruma yao itakaa siku mbili. Nikiwaambia mume wangu kawa mbuzi, watacheka, nami nitapata kucheka nao. Tangu kiharusi sijacheka, Mumbua. Kisha usidhani nafanya mchezo. Mimi n'na mume. Wao wanasema sina, wanasema yule amekwenda, amebaki mwili. N'natafuta njia ya kusema kwamba yuko, ila kwa sura nyingine." Akanipa kikombe nikikaushe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani mapenzi ni barua na manukato. Nilikikausha kikombe kile mpaka kikalia.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalipunguza. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Idi. Tulikuwa na sura mpya, tamu kuliko zote. Riziki anamtia mumewe hina, ubavu mzima, maua na majani kama ya bibi harusi, ili kila mwenye kisu ajue kwamba huyu ana mwenyewe. Nilisimama kabisa kusoma. Katikati akaingia mwanamke mrefu mwenye buibui, hakupiga hodi, akasimama kwenye kizingiti cha ua. Mimi wa bara nilidhani ni jirani mwingine. Sikujua kwamba mtu asiyepiga hodi katika nyumba ile angeweza kuwa mmoja tu, wifi ya mwenye nyumba, Bi. Khadija, dada yake Mzee Athmani, anayeingia kwa kaka yake kama kwake. Nikamsogezea kibao. Nikamtilia chai. Nikapandisha sauti ili mgeni naye apate vizuri. Wale wanawake walinikodolea macho, Mwanaisha alinifinya kanga, nami nikadhani sura imewashika, nikazidi. Nikafika mwisho kwa madaha: "Na mbuzi akainamisha kichwa juu ya kisahani, kofia yake upande wa kushoto, akaipuliza chai iliyokwisha kupoa tangu adhuhuri." Sindano zote zilikuwa zimesimama.

"Hivyo ndivyo kaka yangu anywavyo chai," akasema Bi. Khadija.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akaweka kikombe chini bila kukionja. "Salma. Kaka yangu hana ulimi wa kujitetea. Nawe umemfanya mbuzi, ukamtia hina, ukaalika watu waje wale bajia wamcheke."

"Wifi, keti nikueleze."

"Nimekwisha elezwa. Kesho baada ya sala tutakuja na Twaha, tumchukue ndugu yetu. Kwetu atakaa kama mtu." Twaha alikuwa mdogo wao wa kiume, mwenye nyumba kubwa Bondeni. Bi. Khadija akatoka kama alivyoingia. Wanawake wakakusanya kofia zao mmoja mmoja, na bajia zikabaki kwenye sinia.

Nililia nikaomba radhi mpaka Bi. Salma akachoka nami. "Maneno ni yangu," akasema, "wewe ni vidole tu. Nyamaza." Nikamuuliza kama kweli atawaacha wamchukue. Akasema, "Ni ndugu zake. Wakisema huyu mwanamke ana wazimu, nani atasema si kweli? N'na kurasa mia na hamsini za ushahidi." Kisha akaniletea kurasa zote, amezifunga kwa kamba ya leso, akaniambia nizitie jikoni ziungue kabla hawajaja. Nikasema sitaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima. Nikazichukua nikazilaza chini ya godoro langu, nikakaa juu yake. Bi. Salma akaenda kupiga pasi kanzu za mumewe, zote, akizikunja moja moja za kusafiri nazo.

Ijumaa ile ofisini nilisema naumwa. Walikuja wawili baada ya sala, na Bi. Salma akawaandalia pilau kama wageni wa heri, kachumbari, ndizi, maji ya ndimu. Wakala, maana kukataa chakula cha mtu ni jambo jingine kabisa. Kisha tukapanda juu wote. Mimi nilibeba birika na kisahani. Mzee Athmani alikuwa kitini dirishani, kanzu safi, kofia upande. Bwana Twaha, mtu mpole, akaanza kwa dua. Bi. Khadija akapiga magoti mbele ya kaka yake, akaushika ule mkono mzima. "Kaka, ni mimi Khadija. Tumekuja kukuchukua. Kama wataka kwenda nasi, niminye mkono. Kama hutaki, basi nifanyie ishara yoyote." Mzee akamtazama kama alivyotutazama sisi sote miezi ile, kama mtu anayetazama ukuta. Mkono haukufanya kitu. "Waona?" Bi. Khadija akamgeukia Bi. Salma, machozi yakimtoka. "Hata hajui yuko wapi. Na mtu kama huyu ndiye wa kuchezewa?"

Bi. Salma hakujitetea. Alichukua birika mikononi mwangu, akamimina chai kwenye kisahani, akamshikia mumewe kidevuni, kwa kuwa ulikuwa wakati wake wa chai. Mzee akapuliza. Mara moja, mara mbili. Akanywa, tone likamteremka, Bi. Salma akalipangusa kwa ncha ya mtandio. Kisha Mzee Athmani akainua kichwa. Akamtazama dada yake, safari hii akamtazama hasa. Mdomo wake uliopinda ukafunguka, shingo ikajikaza, nasi tukadhani anapaliwa.

"Mee-e-e," akasema.

Akameza mate, akakusanya nguvu, akarudia, kwa kirefu zaidi, "Mee-e-e-e," na ule upande mzima wa uso ukapanda juu, jicho likafinyika, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Mtu tuliyeambiwa hafahamu alikuwa amekaa juu pale Alhamisi baada ya Alhamisi akiisikiliza riwaya yote ikipanda kutoka uani, sura kwa sura, na sasa alikuwa amejibu.

"Astaghfirullah! Athmani!" Bi. Khadija akamkemea, kwa sauti ya dada mkubwa anayemkuta mdogo wake juu ya mpera wa watu. Na alipoisikia sauti yake mwenyewe akapasuka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, akacheka analia, akampiga kaka yake kofi gotini, "Mshenzi wewe! Miezi yote hii! Mshenzi wewe!" Bwana Twaha alijifunika uso kwa kofia yake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sijui ni kwa furaha au kwa woga uliokuwa unanitoka. Bi. Salma peke yake hakucheka. Alikiweka kisahani chini taratibu, akamshika mumewe mashavu kwa viganja viwili, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini wanisikia?" Hakuweza kumjibu. Lakini tulimwacha aulize mara nyingi kadiri alivyotaka, nasi tukateremka chini tukamaliza bajia za jana.

Hakuna aliyechukuliwa. Alhamisi iliyofuata Bi. Khadija alikuja wa kwanza, akaketi kwenye kibao kizuri, na tangu siku hiyo hakukosa. Alikuwa mkali kuliko wote, akisikia jambo halikumkaa kaka yake sawa alisema, "Futa hilo. Hata mbuzi, Athmani hali nyanya chungu." Mlango wa juu tuliuacha wazi ili msomaji asikike. Na mwisho wa riwaya, ambao Bi. Salma alikuwa ameukwepa muda wote, ulitoka asubuhi moja akiosha mchele. Nasoro harudi kuwa mtu. Asubuhi ya Idi, Riziki anamfungulia mlango, naye anatoka na hina yake na kofia yake, anatembea na mkewe katikati ya mji, na watu wanawapisha njia wakiwapa mkono wa Idi. Mwiko ukagonga mara mbili, ukatulia. Tuliipeleka kwa wachapishaji, na ikarudi na barua ya heshima ikiuliza nani alimroga Nasoro na kwa nini mwishoni hageuki tena kuwa mtu. Bi. Salma alinisomesha barua ile mara tatu uani, na kila mara walicheka upya. Mzee aliishi miaka sita zaidi. Mimi kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimehamishiwa Nairobi, nikakutana na Musyoka wa reli, na yaliyobaki ni maisha.

Sikuwahi kumshukuru Bi. Salma ipasavyo. Mtu akiwa kijana hudhani amefanya msaada, kumbe amepewa. Ijumaa hii nimekaa katika ua uleule, umejaa wanawake wenye misahafu, na jikoni wamehamisha, sasa kuna gesi. Godoro la mbele lilikuwa la Bi. Khadija. Amekuwa mdogo kama kifaranga, macho hayaoni vizuri, nami sikutaka kumsumbua. Lakini mtu alipolitaja jina langu akainua uso. "Ndoo hapa," akaniita, akapapasa godoro. Akawaambia wajukuu waliomzunguka, kwa majivuno, kama anawaonyesha jamaa aliyetoka Makka, "Huyu ndiye aliyemwandika kaka yangu." Tukashikana mikono. Tukamlilia Bi. Salma kidogo, tukacheka kidogo, kisha akaniuliza, "Na mumeo hajambo?"

Watu wote huwa nawaambia hajambo. Yeye nikamwambia kweli. Nikamwambia hanijui tena, Bi. Khadija, na watoto wanasema nimpeleke mahali atakapoangaliwa, kwa kuwa mtu mwenyewe amekwisha kwenda, na mimi nimeanza kuamini.

Hakunipa pole. "Na chai," akasema, "yuwainywaje?"

"Huchovya kidole kwanza," nikasema. "Kidole cha mwisho. Tangu nimjue."

"Hata sasa?"

"Hata leo asubuhi."

"Basi yuko," akasema Bi. Khadija, akanigonga goti mara mbili kwa kiganja chake kikavu, kama nukta.

Nilirudi nyumbani na kipande cha haluwa kwenye karatasi. Musyoka alikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia akitembea, na jirani alikuwa amenikabidhi ufunguo nje akaenda kwake. Nikafungua. "Karibu, mama," akasema, "mwenye nyumba ametoka." Nikasema ahsante, nitamngoja. Nikaenda jikoni nikatia chai vikombe viwili, nikaleta mezani, nikakaa. Akachovya kidole cha mwisho. "Bado yachoma," akaniambia. Nikamwambia basi tusubiri ipoe, na tukasubiri pamoja.